Kura ya Ndege wa Kilele

"Tii-tii, twii!" Mlio wa ndege ulisikika kabla ukungu haujaachia mlima uonekane, na Nyanya Wawuda akaamka, kama kila alfajiri.

"Bado yupo," alisema.

Mjukuu wake Mwadime alikuwa akipuliza moto. Siku hizi kila nyumba duniani huchagua kwa kura kiumbe mmoja wa kuokolewa, na asiyepata kura hukatiwa maji. Ndege yule haishi popote ila kwenye kilele chao, katika msitu unaonyeshewa mvua na mitambo. Jana matokeo yalitoka: Taita nzima ilimchagua tembo.

"Hata wewe, kidume changu? Tembo aliyekula mahindi yetu?"

"Nilidhani majirani watamchagua ndege, Nyanya."

"Nao walidhani wewe."

Juu mlimani mitambo ikanyamaza. Nyanya aligeuza uso ukutani. "Sasa nitaamshwa na nani?"

Mwadime alikunja midomo akapiga mluzi: tii-tii, twii. Nje, ndege akamwitikia kwa furaha, kana kwamba amepata mwenzake.

"Nitakuamsha mimi, Nyanya. Kila alfajiri, kwa mlio huohuo. Naahidi."