Zamu ya Faida

Kila Alhamisi, mwalimu akishachoka kusema "rudia, rudia", watoto wa chuo cha Kurani cha wafanyabiashara wa pwani pale Bugene walifunga misahafu na kuigiza hadithi zake. Siku hiyo ilikuwa hadithi ya bibi mkali na mjakazi wake. Mwalimu, mama wa pwani, akapindua mambo: binti wa tajiri mmoja awe mjakazi, na Faida, kijakazi aliyemnunua mwenyewe kutoka kwa msafara, awe bibi.

Faida akakaa kwenye mkeka wa mwalimu. Watoto wakangoja matusi, maana ndivyo hadithi ilivyokwenda. Yeye akavuta kikapu cha buni za kutafuna, zile ambazo huku mgeni hupewa kabla ya mazungumzo, akaweka mbili kiganjani mwa mjakazi wake.

"Kabla sijakununua," akauliza kwa upole, "kwenu walikuwa wakikuitaje?"

Watoto wakacheka. Binti wa tajiri akamtazama mwalimu.

Mwalimu hakucheka. Hilo jina la Faida alilitoa yeye, siku ile ile ya kununua, wala hakuwahi kuuliza lililotangulia.

Akapiga magoti mbele ya mkeka wake mwenyewe, akakinga mikono miwili.

"Na wewe, mwanangu? Kwenu walikuitaje?"

Faida akamwekea buni. Akainama, akamnong'oneza sikioni.

Mwalimu akalitamka jina hilo taratibu, kwa sauti, chuo kizima kikasikia.

Faida akafumba macho.

"Rudia," akasema.