Lori Lililozoea Kukwepa

"Kwenye ramani barabara yako ni kijani tupu, dada," mhandisi wa halmashauri alisema kwenye redio ya lori la taka. "Akili bandia haikuona hata shimo moja. Mwaka huu hatuigusi."

Chai ilimpalia Noelene kwenye usukani. Wiki iliyopita tu basi la shule lilivunjika ekseli papa hapa, likaserereka na watoto hadi kwenye uzio wa kondoo.

"Hiyo akili yenu imelewa?"

"Inategemea kile kifaa tulichokufungia kwenye lori, nacho kinasikia mtikisiko tu. Lori likiruka, ramani inakuwa nyekundu. Lako haliruki."

Noelene akaitazama mikono yake. Ilikuwa ikizungusha usukani taratibu, kushoto, kulia, kushoto tena, ikikwepa kila shimo bila kumuuliza mwenyewe. Miaka yote ya kuzoa taka njia hii, chai yake haijawahi kumwagika.

"Dada, upo?"

"Nipo."

Mbele kulikuwa na lile shimo ambalo kangaruu hunywea maji. Akamwaga chai dirishani, akakaza mkanda, akanyoosha usukani.

"Mwambie mlevi wenu ajishike."