Kadi Mpya ya Mama Nereida

"Gusa chuma kwanza, Mama. Usipogusa chuma, umeme wa mwilini utaiunguza kabla hatujaiwasha."

Nereida alifuta mikono yake yenye harufu ya kitunguu kwenye aproni, akagusa ubavu wa kompyuta. Ilikuwa imelazwa juu ya meza ya kulia chakula, tumbo wazi, vumbi limeganda kwenye feni. Osmel alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mikono katikati ya magoti.

"Na wewe umekaa tu kama bwana harusi," Nereida alimtania. "Fundi wa mtaa mzima, kazi nafanya mimi bibi kizee!"

"Mikono yangu siku hizi haifai, Mama."

Hakudanganya. Tangu siku ya mto, hakuna kitu alichokishika kikashikika. Yeye na Yunier, mtoto wa pekee wa Nereida, walitoka Havana pamoja, wakaingia msitu wa Darién pamoja wakielekea kaskazini, na walipokuwa katikati ya mto maji yakajaa ghafla. Alikuwa amemshika Yunier mkono. Mkono ukachomoka. Yaliyofuata hayakumbuki vizuri. Homa ya msituni, alijiambia, hufuta mengi. Alichojua ni kwamba alirudi mtaani kwao Lawton peke yake, na mtaa ukamsusia. Majirani walimpita bila salamu. Hata Nereida, ambaye zamani hakumruhusu mtu kuondoka kwake bila kikombe cha kahawa, sasa alimwekea glasi ya maji tu, juu kabisa ya kabati, wala hakumwambia anywe. Osmel aliona anastahili. Angekuwa yeye ndiye mama wa Yunier, hata hayo maji asingetoa.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba Nereida hakuwahi kumlaumu hata kwa neno moja. Kwake yeye, Yunier hakufa maji; alikuwa Tampa, ng'ambo, anafanya kazi, anapiga simu kila Jumapili.

"Ila picha inaganda," alisema, akichana karatasi ya kifurushi kwa meno. "Naona shavu, halafu miraba-miraba. Ndiyo maana kanitumia hivi vitu, RAM na kadi mpya ya picha. Leo nitamwona mwanangu uso mzima."

Osmel alipatwa na baridi. Alikwisha kupiga hesabu zake: Nereida ana dada huko Tampa, na bila shaka dada huyo ndiye anayetuma vifurushi na kumtafuta kijana wa kuiga sauti, kwa huruma ya kijinga. Sauti inaigika. Uso hauigiki. Kadi hii ya picha ikifanya kazi, mama wa watu atamwona mgeni kwenye skrini, na atafiwa mchana kweupe mbele ya meza yake mwenyewe.

"Tuanze na RAM," alisema. "Sukuma vile vishikizo vya pembeni, toa za zamani. Haya, sasa mpya. Kile kipengo kilingane na cha kwenye bodi. Bonyeza. Bonyeza zaidi!"

"Itavunjika, wewe!"

"Haivunjiki. Usiionee huruma."

"Nereida!" Lázara wa nyumba ya pili alichungulia dirishani. "Unagombana na nani humo?"

"Na mashine!"

Lázara akacheka. Macho yake yakampita Osmel kama yanavyopita ukuta, akaenda zake. Osmel aliinamisha kichwa. Hata hakuona uchungu tena, alikwisha kuzoea.

RAM zikaingia, zikalia klik. Kadi nayo ikaingia, nzito, ndefu, feni mbili. Nereida akaikaza skrubu, huku ulimi nje. Ukabaki waya mmoja mweusi unaoning'inia, ule wa kuipa kadi umeme. Bila huo skrini haionyeshi chochote. Osmel aliuona. Akanyamaza.

"Chomeka skrini, uwashe," alisema.

Feni zilivuma. Skrini ikabaki nyeusi. Nereida alingoja, akaigonga kwa kidole, akangoja tena. Halafu akakaa chini, akalia kimya kimya, aproni mdomoni.

"Nimezeeka, Osmel," alisema mwishowe. "Nikifa kabla ya kumwona, je?"

Osmel hakuweza kustahimili. Alikwisha kumnyima mtoto mara moja bila kukusudia. Kumnyima tena kwa makusudi ungekuwa ushetani.

"Zima, Mama. Kuna waya sikukwambia."

Safari hii skrini iliwaka, safi, rangi zote mahali pake. Na kabla Nereida hajamaliza kupiga makofi, simu ikaita humo humo ndani ya kompyuta. Osmel akafumba macho.

"Mama! Unaniona?"

Nereida alipiga kelele ya furaha. Osmel akafumbua jicho moja, kisha la pili. Pale kwenye skrini, juu ya nyusi, palikuwa na lile kovu walilolipata wote wawili walipoanguka na baiskeli moja. Lile jino lililopinda. Kile kicheko. Alikuwa Yunier, mzima, amenenepa. Mzigo wote ulimtoka Osmel kifuani. Alinyanyuka kigodani, akasogea nyuma ya Nereida amwone vizuri.

"Picha inang'aa, Mama! Nani kakufungia?"

"Nimefunga mwenyewe, kwa mikono hii! Osmel kanielekeza."

Kicheko cha Yunier kikakatika.

"Mama, tafadhali usiseme hivyo. Osmel nilimtoa majini mimi mwenyewe. Nilimzika pale pale ukingoni."

"Najua, mwanangu." Nereida alisogeza mdomo karibu kabisa na skrini, akanong'ona. "Punguza sauti. Yuko hapa nyuma yangu, namwekea maji ya marehemu kila siku, na mpaka leo sijapata moyo wa kumwambia."