Mama wa Steringi

Amekufa mara kumi na tisa mbele ya macho yako, nawe hujawahi kumtazama. Usikatae. Ulikuwa unatafuna bisi, unamngoja Steringi aingie, yule shujaa ambaye kila mtoto anajua hafi.

Akiwa na miaka ishirini, mwigizaji huyu alikuwa yule msichana anayekimbia akajikwaa kwenye sakafu kavu, isiyo na hata kokoto. Baadaye akawa mke anayefungwa kwenye kiti, kitambaa mdomoni. Nywele mbili tatu zilipogeuka nyeupe, wakamwambia: sasa wewe ni mama. Na mama, katika picha za mauaji, ana kazi moja. Afe mapema, mwanawe apate hasira.

Leo ilikuwa mara ya ishirini, na safari hii alitaka sentensi moja.

"Tulia, mama, nikuzeeshe," alisema mpambaji, akimchorea mikunjo kando ya macho kwa penseli ya kahawia. Akamnyunyizia unga mweupe kichwani mpaka akapiga chafya. "Sabini kamili! Imebaki fimbo tu."

"Fimbo nimpige nani?"

"Umpige nani wewe, na dakika ya tisa umeshakufa?" Mpambaji akacheka peke yake.

Kutoka chumba cha pili, alikopambwa Steringi, ilinuka rangi ya nywele.

Jiko la kuigizia lilikuwa la mbao nyembamba, bomba lisilo na maji, dirisha linaloangalia ukuta. Mwigizaji alisimama mbele ya mwongozaji, aproni kiunoni, skripti mkononi.

"Huyu mama anamwona muuaji uso kwa uso. Anamjua. Kwa nini hasemi?"

"Atasemaje, kashikwa koo?"

"Kabla hajashikwa. 'Kumbe ni wewe, mtoto wa jirani!' Basi. Nikishasema hivyo, nife."

Mwongozaji akavua miwani. "Mama yangu, ukimtaja muuaji dakika ya tisa, Steringi atafanya kazi gani mpaka dakika ya tisini? Apike?"

Kikosi kizima kikaangua kicheko.

"Basi nisimtaje. Nimpige na hii sufuria."

"Ajuza wa miaka sabini ampige jambazi? Watu watadai warudishiwe kiingilio."

"Mimi sina sabini."

"Nani kakuuliza? Watu wanaona mvi."

Mwigizaji akamgeukia Steringi. Alikuwa mlangoni, ndani ya koti la ngozi lililombana, tumbo kalivuta ndani. Kando yake, mpenzi wake wa kwenye picha, binti wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa akijaribishwa kamba za mikono. Atatekwa dakika ya arobaini.

Steringi mwenyewe ndiye aliyemletea mwigizaji kazi hii, kwa sharti walilolijua wao wawili tu. Hata kamera zikizimwa alimwita Mama, akamvutia kiti, akampa maji. Kikosi kikasifu: kijana ana adabu huyu! Mwongozaji naye hakuchoka kujipongeza kwa kuwapata. Mama na mwana, hata pua wamegawana.

"Sema wewe," mwigizaji alimwambia. "Ukitaka wewe, hata mwisho wa picha wanauandika upya. Sentensi moja tu."

Steringi akanyoosha kola. "Mama, tusiwacheleweshe watu."

"Nitazame basi unaponijibu."

Hakumtazama. "Ukisalimika wewe," alisema kwa upole, "mimi nitalia nini?"

Hapo mwigizaji akajua kwamba sentensi yake imezikwa. Akaiweka skripti juu ya friji, akaenda kusimama penye alama ya chaki.

Wakaanza kupiga picha. Aliyecheza jambazi alikuwa kijana mpole. Alikuwa amemwomba radhi kabla. Lakini mwongozaji alipiga kelele, "Kaza! Kaza wewe, huyo si yai!" naye akakaza. Vidole vikazama shingoni kweli. Sufuria ikaanguka. Mwigizaji akaanguka baada yake, macho wazi, mdomo kimya, kama ilivyoandikwa na watu ambao hawajawahi kukabwa.

Steringi akaingia mbio. Akapiga magoti, akampakata kichwa, machozi yakamtiririka. Hilo mpe, kulia alijua.

"Mama! Nani kakufanyia hivi, Mama?"

Simu ikalia mfukoni mwa aproni.

Fundi sauti aling'oa vipokea sauti masikioni. "Kata!" mwongozaji akafoka. "Mama, hata leo hukuzima simu? Haya, pokea upesi tumalize!"

Leo hakuwa ametaka kuizima. Aliipokea palepale, kichwa kikiwa bado kwenye mapaja ya Steringi. Aliyepiga alikuwa kikongwe mwenye masikio mazito, anayeongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Jiko zima lilisikia.

"Kurwa! Hongera mwanangu! Miaka hamsini na miwili leo, na uchungu wenu bado naukumbuka! Na huyo Doto mbona hapokei simu zangu? Najua mko kazini pamoja. Hebu mpe simu huyo pacha wako, nimsikie sauti!"

Steringi akaichukua simu kutoka mkononi mwa mwigizaji, akaisogeza sikioni.

"Umekosea namba, bibi," alisema, akaizima.

Picha inatoka Ijumaa. Usikate tiketi. Nenda kasimame mlangoni, uwaambie na wengine huyo "mama" ni nani.