Nishani ya Kapteni Mkwizu

Jenerali alipombandika nishani kifuani, uwanja mzima wa ndege za jeshi ulilipuka kwa vifijo. Kapteni Mkwizu hakutabasamu. Mara tatu alikuwa ametua kule mlimani huku risasi zikitoboa mabawa ya ndege yake, akawatoa majeruhi thelathini. Kumi na wawili walikuwa bado kule, na alikuwa amewaahidi kwamba angerudi.

"Afande, naomba ruhusa niwafuate leo hii," alisema.

"Hapana. Wewe sasa ni shujaa wa taifa. Tukikupoteza, watu watakata tamaa. Kesho utahutubia wanafunzi."

"Niwaambie nini, afande, na wenzangu wanakufa?"

"Waambie ulivyokuwa jasiri," Jenerali alijibu, akawageukia wapiga picha.

Mkwizu alipiga saluti, akateremka jukwaani, akaukata uwanja hadi ilipoegeshwa ndege yake. Fundi wake, Sajini Bahero, alikuwa akimalizia kuziba matundu ya risasi.

"Umepewa ruhusa, afande?"

"Nimenyimwa."

Sajini alimtazama, akalitazama jukwaa, kisha akainama taratibu na kuanza kuziondoa kabari zilizozuia magurudumu.