Mjane, Wajane

"Wajane?" Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume mzima mwenye ndevu, aligonga gazeti kwa kidole hadi likatoboka. "Mama yangu ni mmoja. Huyu hapa. Hao wengine mmewatoa wapi?"

Mhariri mkuu alilisoma tena lile tangazo la kifo, kana kwamba lingejirekebisha lenyewe. "Marehemu ameacha wajane na watoto wanne." Familia ilikuwa imeleta "mjane". Mtu humu humu ndani alikuwa ameondoa "m" akaweka "wa", na sasa msibani watu wanaulizana chini chini, wengine bila hata kujificha.

Mjane mwenyewe alikuwa kitini, kajitanda nguo nyeusi.

"Niitieni Mama Nukta," mhariri mkuu alisema, na roho ilimuuma kusema hivyo.

Mama Nukta ndiye aliyeusoma kila ukurasa kwa mara ya mwisho kabla haujaenda mtamboni. Alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko meza za ofisi ile, na waandishi walimwogopa kuliko polisi. Ukimletea "inasemekana", anakuuliza inasemekana na nani, anakaa wapi, na simu yake iko wapi. Aliwahi kuuzuia ukurasa wa mbele kwa sababu mwandishi hakujua kama mbuzi aliyeibwa alikuwa jike au beberu. Akapiga simu mwenyewe, huku mtambo unasubiri, mpaka akampata mwenye mbuzi. Jioni hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Mumewe, ambaye ofisi nzima ilimwita shemeji na kumtania naye bila kumtia machoni hata siku moja, alikuwa mtu wa safari.

Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Keki ilishaagizwa. Hotuba ya kumuaga ilishaandikwa, na yote ilisimama juu ya jambo moja: gazeti halijawahi kumwomba mtu radhi kwa kosa la Mama Nukta.

Aliingia, miwani ikining'inia shingoni, macho mekundu. "Poleni na msiba," akasema, akabaki amesimama.

"Mama, tangazo hili ulilisoma wewe?" mhariri mkuu aliuliza.

"Nililisoma."

"Basi hapa kidole kiliteleza, sivyo?" Alikuwa anamkonyeza waziwazi. "Sema tu kiliteleza, kesho tunaomba radhi, yaishe. Mwenye gazeti amekasirika. Hawa wakienda mahakamani utaondoka hapa bila keki wala kwaheri."

"Hakikuteleza. Nilibadilisha mimi."

Mhariri mkuu alihisi kichwa kinaanza kumuuma upande mmoja. "Ulimpigia nani kuhakiki?"

"Sikumpigia mtu."

Hapo alikata tamaa. Mwanamke aliyemsaka mwenye mbuzi mpaka akampata, leo ameshindwa kuipigia simu familia yenye msiba. Uzee huo, alifikiri, na akamhurumia kwa moyo wake wote.

"Mmesikia wenyewe," mtoto wa marehemu alisema. "Ameandika alichojisikia, na mama yangu anachekwa na majirani."

Ndipo mjane alipofungua mdomo. "Mwanangu, tulia kidogo." Akamgeukia Mama Nukta. "Mama mwenzangu, mimi si mtu wa ugomvi. Mume wangu nimekaa naye mpaka tumezeeka. Kazi yake ilimweka mbali, wiki huku, wiki kule, lakini akiwa nyumbani alikuwa wangu peke yangu. Lifute tu hilo neno. Nakuomba."

Mama Nukta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo waandishi wake wangelipia kiingilio kuliona. Alitaka kulia, akajizuia.

"Nilijaribu kuliacha neno lenu," alisema. "Nililipitisha kama mlivyolileta, nikaenda kunawa uso, nikashindwa, nikakimbia kuusimamisha mtambo. Aibu iliyowapata inaniuma, Mungu anajua. Lakini neno ni sahihi, na sahihi siwezi kulifuta."

"Sahihi kwa ushahidi gani?" Uvumilivu ulikuwa umemwishia mhariri mkuu. "Mama, nani amekuthibitishia?"

Mama Nukta alivuta kiti, akaketi ubavuni mwa mjane, akamshika mkono.

"Niambie, dada," alisema taratibu. "Wewe alikuoa mwaka gani? Nataka tujue kati yetu nani mke mkubwa."