Makeke na Maini Mabichi

Katika boma la Bi Mwanaidi walikaa mbwa wawili, Makeke na Kishindo. Kishindo aliachishwa ugali akalishwa nyama mbichi, na manyoya yake yakang'aa. Makeke kila akimtazama alishikwa na wivu, hata ugali wake akauacha.

"Usiumie moyo, mwenzangu," Kishindo alimwambia. "Zamu yako itafika. Hata mimi nilianzishiwa kipande kidogo ndani ya ugali, nikaongezewa polepole. Tumbo lina mazoea yake."

Makeke akawaza, "Ananichelewesha ili ale peke yake." Siku moja Bi Mwanaidi alileta sinia la nyama na maini mabichi; alipolipa kisogo, Makeke akaliparamia akayafakamia maini. Jua halijageuka, alikuwa chini anatapika.

Bi Mwanaidi akamwinamia kwa huruma. "Maskini, maini haya nilimletea Makeke, nimwanzishie nyama mbichi leo. Kumbe tumbo lake halitaki kabisa."

Akamkorogea uji mwepesi, na nyama iliyosalia akampa Kishindo. Makeke alikunywa uji ule mpaka uzeeni. Ndiyo ada ya hasidi: riziki inayomjia kwa miguu yake, yeye mwenyewe huifungia mlango.